Sinia la Kurdistani

Wifi yangu Kabibi ana ulimi, na hilo nalisema nikimpenda. Siku niliyoolewa kijijini Junju alionja mchuzi wangu mbele ya wageni akauliza kama chumvi imepanda bei. Basi mtu wa namna hiyo alipokwenda kufanya kazi za nyumbani Iraki, mji wa Erbil, sikumwonea huruma yeye. Niliwahurumia waliomwajiri.

Aliangukia kwa ajuza mmoja aitwaye Daya Nasrin. Daya ni mama kwa lugha yao. Miguu ilikuwa imemkataa, akisukumwa kwa kiti cha magurudumu, lakini mdomo ulikuwa mzima, kwa hiyo walielewana. Kabibi alitwambia kwa simu kwamba watu wale si Waarabu, ni Wakurdi, sehemu yao wanaiita Kurdistani, wana lugha yao na bendera yao, na mwaka huo wa 2017 walikuwa wanaulizwa kwa kura kama wanataka nchi yao wenyewe.

"Nyumba nzima inagombana, wifi," aliniambia.

Hiwa, mwana wa Daya, alisema wakati bado. Baghdad haitaki, majirani wakubwa hawataki, watafungiwa njia zote. Daya hakutaka kusikia. Mwaka 1991 alikimbia vita kwa miguu, akamzika binti yake mchanga kando ya njia huko milimani, na mpaka siku ile hakujua kaburi liko wapi. Alimjibu mwanawe kwamba aliyengoja miaka yote hiyo haambiwi bado. Siku ya kura Kabibi ndiye aliyemsukuma hadi kituoni.

Hiwa hakukosea. Kura ya ndiyo ilishinda kwa mbali, na baada ya siku nne ndege za nje zikakatazwa kutua Erbil. Mwezi uliofuata mama mkwe wangu akafariki.

Sisi Wagiriama tuna mahanga mawili. Hanga itsi, yaani matanga mabichi, ni ya kuzika na kulia. Hanga ivu huja miezi baadaye, msiba ukishaiva, ukoo ukakutana kufunga kilio. Mtoto wa kumzaa kukosa ile ya kwanza ni aibu inayomfuata mtu mpaka kwa wajukuu. Kabibi alitafuta njia akachoka. Kupita Baghdad kulitaka karatasi ambazo hakuwa nazo. Lakini Junju nani angeelewa habari za anga kufungwa? Wakasema amenogewa, amemtupa mamake. Mume wangu Mwaro, kakake mkubwa, hakusema hivyo, ila hakuwakanya waliosema, na hilo linanikera mpaka leo.

Kule Erbil, Kabibi alimfokea Daya.

"Kura yako imeninyima kumzika mama yangu."

Daya hakuomba radhi wala hakumfukuza. Aliagiza viti, akafungua matanga ya siku tatu sebuleni mwake, vile vile wanavyofanyiana wenyewe. Wanawake wa mtaa wakaja, wakanywa kahawa chungu, wakamsomea Fatiha mama wa Junju ambaye maisha yake yote alikuwa mwimbaji wa kanisani. Kisha Daya akamwambia Kabibi, "Sasa lia kama mnavyolia kwenu." Kabibi akaimba nyimbo zetu za kilio mpaka sauti ikamkauka, na wale wanawake wakalia naye bila kuelewa hata neno moja.

Ndege zilirudi mwezi wa Machi. Mwaro alikuwa ameisogeza hanga ivu ili amngoje dada yake, na hapo nampa haki yake.

Katika ukoo wetu, siku ya hanga ivu kila kundi lililokuja kulia hutajwa kwa linakotoka, na likishatajwa hupewa sinia lake la chakula. Mwaro ndiye aliyekuwa akitaja, mimi napakua. Kikambala wamefika. Barani wamefika. Alipokuwa akikunja karatasi yake, Kabibi akasimama.

"Kaka, kuna waliolia hujawataja. Taja Kurdistani."

"Hawako hapa," Mwaro akasema.

"Walilia siku tatu, na mimi nikalia nao. Watu wajue kuwa mama hakukosa machozi yangu."

Sasa, Mwaro amefundisha jiografia miaka thelathini, na mwalimu wa jiografia hata akifiwa ni mwalimu wa jiografia.

"Basi nitataja Iraki," alisema. "Kurdistani si nchi, Kabibi. Walipiga kura, nani aliwatambua? Nchi ina karatasi zake."

"Aliyenifungulia matanga ni Mkurdi. Na shamba hili, kaka, karatasi zake ziko wapi? Baba amengoja hati mpaka amekufa. Mama umemzika papa hapa, na hukuuliza kama ni kwetu."

Ningekuwa arusini ningepiga kigelegele. Mimi sijui kama Wakurdi wapewe nchi. Wenye elimu wanabishana hadi leo, na Hiwa naye alikuwa na akili zake. Lakini nilijua wifi yangu hakuwa akibishana juu ya ramani. Alikuwa akiomba asiitwe mtoto aliyemtupa mamake, na mashahidi wake pekee walikuwa wale wanawake wa mbali. Nilimtazama mume wangu, nikajiambia akikataa leo, chakula cha kesho atajipikia.

Mwaro akaikunjua tena karatasi, ingawa hapakuwa na la kusoma.

"Kurdistani wamefika," alisema kwa sauti ile ile aliyowatajia Kikambala.

"Wakaribie," wanawake wakaitikia.

Nikapakua sinia, wali na kuku, nikalijaza kuliko mengine, nikaliweka mbele ya Kabibi. Aliketi nalo peke yake asijue aanze wapi. Mwaro akaja, akanawa, akaketi upande wa pili wa sinia.

"Huko ulikolia," aliuliza polepole, "ulianza na wimbo upi?"

"Ule aliouimba mama alipomlilia baba."

Mwaro alimega tonge, akamkabidhi dada yake, kisha akauanza wimbo ule kwa sauti ya chini.