Bwana Ushahidi na Sauti ya Saa Tisa

Hapa kliniki tulimwita Bwana Ushahidi, naye alijua. Ni mshauri wa mambo ya akili, mwembamba, viatu vinang'aa hata siku za matope. Mgonjwa akilalamika kwamba dunia nzima inamchukia, yeye humsogezea fomu na kalamu. Fomu ina safu tatu: wazo lako, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga. Ukijaza vizuri, wazo baya linakosa pa kushika. Mimi, karani wa mapokezi, nimezitolea nakala fomu hizo mpaka mashine ikagoma, na sikatai, zimewafaa wengi.

Lakini mwenyewe alikuwa na lake. Kila saa tisa alasiri alichungulia mlangoni kwake.

"Umeniita?"

"Sijakuita, kaka."

Akarudi ndani. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili, tangu alipomzika baba yake. Sikumwambia mtu, na kwangu mimi hiyo si kazi ndogo.

Ndipo akaja fundi cherehani, mwanamke wa makamo aliyekonda hadi pete inamtoka kidoleni. Mama yake, aliyemfundisha kushona, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Tangu hapo, kila akikaa kwenye cherehani, anaitwa kutoka chumba cha ndani. Anaitwa kwa jina lake, mara moja, kwa sauti ile ile ya mama. Hajashona hata kifungo, hali wala halali. Dada yake mkubwa, aliyemleta, aliniinamia pale dirishani. "Tukimwacha hivi tutamzika na yeye," akasema.

Bwana Ushahidi akampa fomu na kazi ya nyumbani: akiitwa, asiitikie. Ashone tu, sauti itachoka yenyewe. Ndivyo kilivyosema kitabu alichosomea, kitabu cha watu wa mbali waliozoea kubishana na vichwa vyao.

Wiki ya pili alirudi hoi zaidi, safu ya tatu tupu. Sasa anaitwa mara tatu, mara nne, na sauti inasogea. Ilitoka chumbani, ikaja sebuleni. Wiki ya tatu ikawa nyuma ya kiti chake, na shingoni alihisi joto la pumzi. Nilikuwa nimeingiza faili siku hiyo, na nywele zikanisimama.

"Mbona hujaandika ushahidi wa kupinga?" mshauri aliuliza.

"Nimpinge mama yangu kwa kalamu?"

Dada mkubwa akashindwa kuvumilia. "Samahani, mshauri. Wewe kwenu, mzazi akikuita ukakaa kimya, anafanyaje?"

Bwana Ushahidi alitazama viatu vyake. "Anaita tena," akasema. "Kwa nguvu zaidi."

"Haya basi. Na wewe umemfundisha mtoto wa watu kiburi."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa mshauri. Aligeuza fomu, na kwenye upande mweupe akachora safu mpya kwa mkono: mama ameita, nimemwitikiaje, amesema nini. "Akiita, itika kama ulivyolelewa," akamwambia fundi. "Umuulize anataka nini. Dada akae karibu nawe."

Wiki ya nne nilimsikia fundi kabla sijamwona, maana alikuwa anacheka. Ameshona sketi mbili. Alipoitwa alijibu, "Abee, mama," na nyumba nzima ikatulia. Mama bado humwita, alisema, ila kutoka chumbani, mara moja, kama mtu anayejulia hali. Niliona raha ya kweli, mimi niliyekuwa nimeshaanza kumlilia.

Aliniachia fomu niiweke kwenye faili. Niliisoma, ndiyo, mimi ni mbea. Safu ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja: "Amesema kule kwa mshauri kuna mzee amesimama mlangoni muda mrefu, na miguu inamuuma."

Nilimpelekea mshauri fomu ile. Aliisoma mara mbili, akanishukuru, akafunga mlango.

Saa tisa ilipofika hakuchungulia. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha sauti yake, ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Naam, baba," akasema. "Nisamehe. Nilidhani ni karani."