Fulana Yenye Uso wa Mdogo Wangu

Mama wa mtaa wa pili alipovua kandambili mlangoni kwangu, akajifunga kanga kiunoni na kuanza kulia, hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoishia. Aliyekuwa analiliwa ni mdogo wangu wa kiume, na alikuwa amekaa kwenye kigoda pale pale, anamenya karanga.

"Shikamoo, mama," akamsalimia.

Yule mama akapiga ukelele, akarudi kinyumenyume mpaka akaangusha ndoo zangu za maji.

"Toka!" nikamfokea. "Kalilie kwako! Hapa hakuna msiba!"

"Lakini mwanangu, tumeona fulana..."

Hizo fulana ndizo zilizotuharibia.

Wazazi waliniachia mdogo wangu nikiwa bado fomu foo. Masika yaliyopita aliugua, na haikuwa malaria. Aliacha kuongea, akawa anashinda chumbani dirisha limefungwa. "Dada," aliniambia siku moja, "watu wananitazama kama sipo." Tukaanza kliniki. Pole pole akarudi kula, akarudi kumbeba mwanangu. Tuliposikia kuna msafara wa baiskeli kutoka Mpanda mjini hadi Sitalike, wa kuchangia afya ya akili ya vijana, alitoa baiskeli yake stoo mwenyewe, akaziba pancha, akapaka mnyororo grisi. Waandaaji wakamwomba picha ya kuweka kwenye fulana, ionekane kwamba kijana anaweza kupona. Akakubali. Siku hiyo alicheka.

Sasa fundi wa fulana amezoea kazi moja tu, fulana za misiba. Akamwekea mawingu, mshumaa na njiwa wawili. Waandaaji wakazipokea, wakazivaa, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka!

Asubuhi ile tulisimama barabarani, kwetu Mwamkulu, ili waendesha baiskeli wakipita mdogo wangu ajiunge nao. Walikuwa wamekubaliana kupita kimya, kwa heshima ya wanaoumwa. Hakuna kengele, hakuna aliyeongea, minyororo tu inalia ndani ya vumbi. Kikatokeza kifua cha kwanza chenye uso wa mdogo wangu. Kikaja kingine, na kingine, uso ule ule katikati ya mawingu, unapanda na kushuka kwa jinsi wanavyokanyaga pedali. Mwanangu, mgongoni, akawa ananyoosha kidole. "Mjomba. Mjomba. Mjomba." Hakugeuka hata mara moja kumtazama mjomba mwenyewe aliyesimama pembeni yetu.

Wa mwisho alikuwa mwanamke. Alipunguza mwendo, akamwona mdogo wangu, akafanya ishara ya msalaba, akakazana kuwafuata wenzake.

Mdogo wangu akailaza baiskeli chini taratibu.

"Wameshajua, dada."

"Wamejua nini?"

"Kwamba nilishaondoka."

Jioni mmoja wao akamletea fulana, eti zawadi. Akaivaa, na tangu hapo hakuivua. Giza likianza kuingia humwoni mtu uani, unaona mshumaa na njiwa vimekaa kwenye kigoda. Kliniki akakataa. "Marehemu anameza vidonge vya nini?" Alisema hivyo bila kucheka.

Kwa hiyo yule mama alipokimbia, nikambeba mwanangu moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa maandalizi. Naye alikuwa ameivaa fulana ile ile.

"Dada yangu, punguza jazba. Tulikuwa na nia njema."

"Basi weka sura yako kwenye mawingu, tuone kama mkeo atalala!"

"Sasa tufanyeje, na watu wameshazivaa?"

Kesho yake nikamwomba mdogo wangu anisaidie kumbeba mtoto, nikaenda naye ofisi ya ustawi wa jamii. Akabaki mlangoni na fulana yake. Ofisa akafungua faili bila kuinua macho. Habari alikuwa nayo tayari.

"Pole sana. Wewe ni nani wa marehemu?"

Nikamwomba kalamu, nikaandika mwenyewe:

"Mimi ni dada wa kijana aliye hai, aliyesimama mlangoni pa ofisi hii. Nawalalamikia waandaaji wa msafara wa baiskeli kwa kumtangaza kuwa amekufa wakati alikuwa anapona. Naomba fulana zote zikusanywe, kuanzia aliyoivaa yeye. Naomba waje nyumbani mchana, wote, na nguo zao za kawaida, wampe mkono mmoja mmoja na kumwita kwa jina lake. Siku ya kliniki wampitie na baiskeli, waende naye. Malalamiko nimeandika mimi. Sahihi hapo chini ni ya kwake, ameiweka mwenyewe mbele ya ofisa."