Breki Si Bomba la Maji

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa plamu, mwanangu, nilipoona tone la mafuta ya breki chini ya gari la mjomba wako. Nakusimulia kwa sababu jana ulinijia hapa Magamba na gari lako kuukuu, na nilipoinama nikakuambia gurudumu la nyuma limelowa mafuta, ukacheka. Cheka tu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, na kila mwenye vijisenti anatafuta chombo cha kushushia mboga Mombo, chini ya milima. Mjomba wako Mbwana, kaka yangu, alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Akanunua pikapu iliyonizidi umri. Gurudumu la nyuma lilikuwa likivuja kwenye ile skrubu ndogo ya kutolea upepo wa breki. Basi akaifungua, akaizungushia katani na rangi kama alivyozoea kwenye mabomba yake, akaikaza kwa spana mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Bomba ni bomba," akasema, akijipangusa mikono.

Asubuhi ile nikaona tone, tena chini ya gurudumu lile lile.

"Kaka, bado inavuja."

"Ingia wewe! Unaogopa hata kivuli chako."

Nikaingia, nimekupakata, hujaota hata jino. Nyuma tumepakia plamu na kabichi.

Mpaka Soni breki zilishika. Baada ya hapo, unaijua mwenyewe barabara ile: huku mwamba, huku bonde ambalo mto wake unausikia tu. Kwenye kona moja kaka akakanyaga, pedeli ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Niliuona uso wake. Niliogopa, mwanangu, woga ambao sijauonja tena, hata siku baba yako alipofariki. Nilikubana kifuani mpaka ukalia. Nikaanza shahada, nikakwama katikati, nikaianza upya. Kaka akalazimisha gia ya kwanza, injini ikapiga ukelele, akavuta breki ya mkono, akaligongesha gari kwenye ngema, upande wa mwamba. Tukasimama. Kabichi zikatupita zikibingirika mpaka kwenye kona, zikaangukia bondeni. Sikusikia zikifika.

Nyuma yetu lilikuwa likija lori la mbao la mzee Hoza, jirani yetu wa Magamba. Akasimama, akashuka.

"Shikamoo mzee," kaka akasema.

"Marahaba." Mzee akaingia chini ya gari, akatoka na skrubu ile mkononi. Katani imelowa chapachapa.

"Mbwana, hii inaziba kwa ncha, haizibi kwa hesi, hii mikato ya kuzungushia. Ncha isipokaa vizuri huko ndani, katani yako itasaidia nini? Bomba likivuja unaloa. Breki ikivuja unazika." Kisha akanitazama. "Huyu alikwambia inavuja?"

"Aliniambia," kaka akasema.

Mzee akageuza lori lake, akatuvuta kurudi juu hadi Lushoto. Huko pale skrubu inapokaa pakasafishwa kutu, ikafungwa mpya. Ilipofika zamu ya kutoa upepo, mzee Hoza akamkataza kaka kukaa kwenye usukani.

"Aliyeogopa ndiye akanyage," akasema.

Nikakanyaga, nikashikilia, kaka akafungua kule chini, upepo ukatoka na mafuta, akafunga, nikaachia. Tukarudia na kurudia. Mzee akaniuliza mimi kama pedeli imekuwa ngumu. Nikasema bado. Kaka akalala tena chini bila kunung'unika, yeye aliyekuwa hashauriki na mtu!

Kwa hiyo, mwanangu, usiniambie gari lako linavuja kidogo tu. Breki haina kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini jua kwanza ufa wenyewe uko wapi, usije ukapaka rangi pasipovuja. Na aliye kando yako akikuambia anaogopa, usimpime ushujaa. Zima gari, shuka, uiname utazame.

Sasa lete spana zako. Magoti yangu hayafiki chini ya gari, ila mguu wa kukanyagia bado ninao, na sitasema pedeli imekuwa ngumu mpaka iwe ngumu kweli. Mwenyezi Mungu akulinde kwenye kila kona ya mlima huu, akupandishe na kukushusha salama, akurudishe kwangu ukiwa unanicheka vilevile. Amin.