Mdogo Wangu Alipokosea Makusudi

Nilipougua saratani ya damu nilikuwa na miaka mitano. Nilitibiwa Nairobi muda mrefu, kwa dawa za mshipani na nyingine za kudungwa uti wa mgongo, nikarudi Lamu sina unywele, lakini nimepona. Majirani wa mtaa wetu wa Langoni walikuja kumpa mama mkono wa heri, kila mmoja akiniambia, "Mshukuru Mungu."

Nilimshukuru. Shuleni, hata hivyo, mambo hayakukaa kichwani. Mwalimu akisema matatu, nilishika la mwisho. Hesabu ya jana, leo ilikuwa ngeni. Nikikasirika nilirusha vitabu, na baadaye sikujua hasira ile ilitoka wapi. Nikarudia darasa, mdogo wangu akanikuta, tukakaa dawati moja.

Muhula huo alama zake zikaporomoka. Mwalimu wetu, mama mmoja wa kutoka bara, akamwita mama yetu shuleni, nasi tukiwapo. Akaweka karatasi ya mtihani mezani.

"Bi, hesabu hizi huyu mdogo alizifanya ubaoni bila shida. Hapa amefuta jibu sahihi, akaandika la makosa."

Mama akamgeukia, akamuuliza kwa Kiamu chetu, "Kwani huyui hesabu, mwanangu?"

"Nayua," akasema, machozi yakimtoka. "Nikipita, dada atabaki peke yake."

Badala ya kumkumbatia nilimsukuma, nikatoka mbio. Niliona nimemwibia: kwanza mama, yeye alipoachwa kwa nyanya kisiwani Pate mimi nikiwa hospitali, na sasa masomo yake.

Mwalimu ndiye aliyeshauri nirudishwe kliniki. Daktari akaeleza kwamba dawa zilizoniokoa huweza kuuacha ubongo wa mtoto mzito wa kushika mambo na mwepesi wa hasira. Si uvivu, akasema, wala si utundu. Nilitarajia kufarijika, lakini mama akalia: "Mimi ndimi niliyekubali dawa." Basi hilo nalo nikalibeba.

Mdogo wangu alivuka darasa. Mimi niliongezewa muda wa mitihani, nikamaliza shule kwa taabu. Sasa nauza vitambaa dukani kwa shangazi. Oda za wateja naziandika kwenye simu papo hapo, la sivyo zimepotea. Yeye anasomea uuguzi Mombasa. Wiki iliyopita alinipigia akilalamika masomo ni magumu. Nikamkaripia bure, nikakata simu. Nilipompigia tena kumwomba radhi, alicheka.

"Nishazoea, dada."

Nilitamani angekasirika.