Unga wa Sulfa

Juzi, kwenye duka la dawa pale Ruti, niliomba sulfa. Binti muuzaji akacheka: "Mama, hiyo jina ni ya wazee!" Nikacheka naye, lakini njia nzima mawazo yangu yalikuwa yamesharudi Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia.

Sina hakika kama nilikuwa na miaka tisa au kumi. Nilijikata mguu kwa jembe tukipalilia maharage, kidonda kikaoza, na koko, yaani bibi yangu, akanibeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi aliongea Kiswahili cha Uganda, cha haraka. Koko alikijua kile cha kwetu Kivu tu. Basi mkalimani nikawa mimi.

"Hii sulfa anakula, si ya kupaka," muuguzi akasema. "Na maji mingi."

"Anasema nini, mwana wangu?"

Nilikuwa nimeshalamba kidonge kimoja. Uchungu wake ulinikausha ulimi. Sikudanganya, nadhani. Nilijibu tu, "Anasema ni sulfa."

Uso wa koko ukang'aa. "Iyi naijua!" Zamani za usichana wake, muganga wa misheni alinyunyiza unga wa sulfa mu vidonda, vikakauka. Basi kila asubuhi, moshi wa kuni ukituwasha macho, aliponda vidonge kwa kijiko ndani ya kikombe cha bati. Nami nilinyoosha mguu anyunyizie. Siku ya nne homa ikapanda, goti likavimba.

Muuguzi alipofungua kitambaa alimfokea koko. "Jaja, unataka mguu ikatwe? Nilisema akule!"

Koko akanitazama mara moja. Kisha akasema, "Masikio yangu imezeeka, dokta. Kosa ni yangu."

Nilichomwa sindano, nikameza vidonge, na koko alininyima hata uji mpaka nimalize maji, mengine yakiwa yake ya kuoga. Mguu ukapona. Kusema haki, muuguzi alieleza vizuri, na koko hakuwa mjinga. Unga ule ulikuwepo kweli.

Majirani walimtania mwaka mzima: "Mama Unga, leo unasaga nini?" Alicheka nao.

Sasa koko amelala kaburini Nakivale, na pale palipokuwa na nyumba yetu ya udongo wanasema pamelimwa mahindi. Sikumwambia kamwe kwamba yale mengine ya muuguzi sikuyatafsiri. Najifariji kwamba alijua, kwa vile alivyonitazama. Lakini pengine hakujua. Pengine aliamini kweli kwamba ni masikio yake, akazeeka akiyalaumu.