Tatu na Nne

Mwalimu wetu wa hesabu kule milimani Rodopi alikuwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta hata Jumapili. Alikuwa akichora ubaoni mishale miwili ya nguvu, kila mmoja ukielekea upande wake, kisha anauliza taratibu, "Tatu na nne?" Tukiropoka "Saba!" anakunja uso: "Saba, nyie mbuzi? Mmeangalia inavuta kuelekea wapi?"

Siku ya kumzika mumewe, sleji ya mbao iliyobeba jeneza, ikiburutwa kwa kamba mbili, ilikwama kwenye theluji mlimani. Wanawe, Zdravko na Ognyan, ambao hawakuwa wakisalimiana, walivuta kamba zao, kila mmoja kwenye ukingo wake wa njia.

"Baba mzito, mama!" Ognyan alihema.

Mwalimu akazitazama zile kamba zilivyoachana, kidole chake kikichora mishale hewani.

"Baba yenu si mzito, wanangu," akasema. "Sogeleaneni."