Mabomu ya Wapi?

Juzi, kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa Temeke, mbele yangu alikuwepo mama aliyefuatana na bintiye kumtafutia cheti. Shule ilikitaka kesho yake, na miguu ya mama haikutulia.

"Kazaliwa lini?" karani akauliza.

"Siku ya mabomu, baba."

"Ya Mbagala au ya Gongo la Mboto?"

"Mbagala. Uchungu ulinishika tukiwa tunakimbia."

Karani akaandika 29 Aprili 2009, siku ghala la silaha lilipolipuka, bila kutazama kalenda.

"Mama, kumbe nilizaliwa barabarani?" binti akashtuka.

"Kwenye kanga ya mwanamke nisiyemjua. Aliivua mabegani, akakufunika, akaendelea kukimbia."

Tangu juzi, kila mwanamke wa makamo ninayepishana naye namtazama mara mbili. Pengine ndiye aliyefika kwake siku ile bila kanga.